Kwa nini mionzi inamsaidia huyu na haimsaidii yule?

Siku ya Alhamisi, tulipomaliza kuhesabu feza ya likelemba, mwenzetu mmoja alileta ulizo lililotuchelewesha wote kurudi nyumbani. Kaka yake na jirani yao walipatwa na ugonjwa mmoja, kanseri ya mwisho wa utumbo mkubwa, karibu na njia ya haja kubwa. Wote wawili walienda Kampala kupigwa mionzi kwa majuma zaidi ya tano, pamoja na vidonge. Uvimbe wa jirani uliisha. Ule wa kaka ulibaki karibu vile vile, na shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Sasa katika ukoo wanasema bibi yake anajua kitu.

Tuliuliza, tukasoma. Wamama, bibi yule hana kosa.

Mionzi inaua kanseri kwa kukata nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe za mwili, zile zinazoitwa DNA. Kuna chembe za kanseri zinazojua kuunga upya nyuzi zilizokatwa, na kuna zisizojua. Kwa macho uvimbe ni mmoja, lakini ndani haufanani. Katika wagonjwa 100 wanaopata mionzi pamoja na kemoterapi kwa kanseri hii, karibu 15 hadi 20 hawaonekani tena na chembe hata moja ya kanseri wakati wa kupasuliwa. Kwa wengi uvimbe unapungua. Kwa wengine haubadiliki sana.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta alama, katika damu au katika kipande cha uvimbe, ya kuwaonyesha mbele ya wakati ni nani mionzi itamfaa. Ile inayoitwa CEA inapimwa katika damu. Ikiwa juu sana kabla ya matibabu, mara nyingi uvimbe hausikii mionzi vizuri, lakini si kila mara. Jeni KRAS na TP53 zimechunguzwa sana pia, na matokeo hayapatani. Mpaka leo hakuna alama moja inayotosha kumwambia mgonjwa “wewe usiende.” Mtu akikuuzia kipimo cha namna hiyo, linda feza yako.

Lakini kuna alama moja ambayo imekwisha kubadilisha matibabu. Chembe inapojinakili, protini nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, zinasahihisha makosa, kama mwalimu anayepitisha kalamu nyekundu kwenye dikte. Katika kanseri hizi, karibu 5 hadi 10 kwa 100 zimekosa usahihishaji huo. Mwaka 2022, huko New York, katika hospitali Memorial Sloan Kettering, daktari Andrea Cercek na wenzake walitangaza ya kuwa wagonjwa 12 wa kwanza wa aina hiyo walipewa dawa dostarlimab kwa miezi 6, na uvimbe wa wote 12 ukatoweka, bila mionzi, bila kupasuliwa. Mwaka 2025 hesabu ilifikia 49, wote vile vile. Dawa yenyewe ni ya bei kali sana, hatutaki kuwadanganya. Muso zetu zote pamoja haziwezi kuilipa.

Sasa kwa nini tunawasumbua na jambo hili? Kwa sababu kukosa protini hizo kunaweza kuwa ni kwa kurithi, na tena urithi huo unaleta kanseri ya tumbo la uzazi kwa wanawake. Ukoo ambamo shangazi alikufa na kanseri ya tumbo la uzazi, na kaka anaugua utumbo kabla ya miaka 50, unapashwa kumweleza daktari mambo yote mawili pamoja. Dada na watoto wa mgonjwa wakijulikana kuwa na urithi huo, wataangaliwa utumbo kwa kamera mapema, kabla uvimbe haujawa kanseri. Pengine na maneno ya uchawi yatapungua, ingawa sisi tunawajua wajomba wetu.

Kipimo chenyewe kinafanywa juu ya kile kipande kilichokatwa siku ya kwanza. Kinahifadhiwa katika nta na kinaweza kupimwa hata baada ya miaka. Kwa hiyo kabla ya kuuza shamba au mbuzi, ulizeni: kipande kiko wapi? Protini nne zimepimwa? Tunaweza kukibeba pamoja na barua?

Yule jirani aliyepona naye tumemtuma bibi yake amkumbushe: arudi kuangaliwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu uvimbe uliotoweka unaweza kurudi, na ukionekana mapema bado unapasulika. Yeye anasema transporti ni kali. Siku ya Alhamisi tutaona sanduku linaweza kutoa ngapi.