Diski ya Ijumaa na Kesi ya Wavulana Watatu

Jumapili moja usiku nilipigiwa simu na mwalimu wa nidhamu wa shule moja ya bweni hapa Embu, mtu tuliyejuana tangu siku za chuo. "Daktari," akaniambia bila salamu nyingi, "nina kesi, na kesi yenyewe ni ya lugha." Wavulana watatu wa kidato cha tatu walikuwa wamenaswa na diski ya sinema chini ya sare zao ndani ya sanduku. Mmoja aliinunua stendi kwa shilingi hamsini, na wote watatu waliitazama kwenye kompyuta ya maabara walipodhaniwa kuwa wanadurusu. Habari zilizomfikia mwalimu ni kwamba hiyo ilikuwa sinema ya bangi. Kamati ya nidhamu ilikuwa inakusudia kuwarudisha nyumbani kwa wiki mbili chini ya kanuni ya shule inayokataza "mihadarati ya aina yoyote", lakini hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyeweza kueleza kwa hakika wahusika walikuwa wakisema nini, maana Kiingereza chao si kile tunachokifundisha. Aliomba niitazame, niandike ukurasa mmoja, ili kamati ipate pa kusimamia.

Nilikubali. Sharti nikiri pia kwamba muda wote aliokuwa akinieleza uovu wa diski ile, nilisikia mdomo wake una kazi nyingine. Alikuwa akitafuna muguka, na kwa sauti ile ya kunata nadhani alikuwa ameusindikiza kwa chingamu.

Diski iliponifikia niliitambua mara moja. Ilikuwa Friday, sinema ya mwaka 1995 iliyoongozwa na F. Gary Gray na kuandikwa na Ice Cube pamoja na DJ Pooh. Mimi niliitazama mara ya kwanza mwaka 1997 katika kibanda cha video mjini Maua, wakati wa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili. Kiingilio kilikuwa shilingi tano, nilizozipata kwa kuchuma miraa ya jirani. Kanda ilikuwa imerudufiwa mara nyingi hivi kwamba nyuso za waigizaji zilikuwa kama za watu wanaotazamwa kupitia maji, na sauti ilikuja na kutoweka. Hilo halikumsumbua mtu. Wachumaji, madalali na makuli wa magari walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na sidhani kama walikuwamo watano waliokielewa Kiingereza kile.

Kisa chenyewe ni chepesi. Craig amefutwa kazi katika siku yake ya mapumziko. Ijumaa anaamka hana la kufanya, anakaa barazani kwa wazazi wake kusini mwa Los Angeles na rafikiye Smokey. Smokey amepewa bangi aiuze kwa niaba ya mchuuzi aitwaye Big Worm, ambaye hupita mtaani na gari la kuuzia aiskrimu. Badala ya kuiuza, ameivuta. Sasa anadaiwa dola 200, na zisipopatikana kufikia saa nne usiku, yeye na Craig watauawa. Saa zote zilizosalia ni za barazani: majirani wanapita, baba mtu analalamika, na jitu moja liitwalo Deebo linawanyang'anya watu baiskeli na fedha zao mchana kweupe.

Nakumbuka vizuri jinsi kibanda kizima kilivyoangua kicheko ilipobainika kwamba Smokey ameimaliza mali ya mwenyewe. Si kicheko cha watu wanaousifu moshi. Walicheka kwa sababu mtu huyo walimjua. Maua haikukosa kijana aliyekabidhiwa mabunda ya miraa ayapeleke sokoni, naye akaanza kuonja bunda moja, halafu la pili, hata akafika sokoni na majani ya migomba matupu. Kiswahili kina usemi wa kula mtaji; kwetu Igembe usemi huo si sitiari. Dalali mmoja aliyeketi mbele yangu alisimama akamwonyesha kidole kijana wa kando yake, watu wakacheka upya, na yule kijana akainamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Jambo jingine tulilolikata shauri siku ile ni kwamba Smokey hakuwa akivuta bangi hata kidogo. Chris Tucker, aliyeigiza nafasi hiyo, husema kwa kasi ya cherehani, sauti juu, macho yamemtoka, hana subira ya kungoja mwenzake amalize sentensi. Sisi tulijua kwamba mvuta bangi hupoa, hucheka peke yake na kuona njaa. Huyu aliyekuwa mbele yetu alikuwa na dalili zote za mtu aliyetafuna tangu saa nane mchana. Tulimsamehe mwongozaji kosa hilo.

Ili kuifanya kazi ya mwalimu kwa haki, nilikwenda nayo nyumbani Igembe mwishoni mwa juma, kwa mama. Mama hajui Kiingereza. Mpwa wangu, kijana wa chuo cha ufundi, akajitolea kumsimulia, kwa namna ile ambayo DJ Afro ameizoesha nchi hii na ambayo marehemu Lufufu aliijulisha kwa watazamaji wa Dar es Salaam: sinema inaendelea, na msimulizi anazungumza juu yake kwa Kiswahili, akitafsiri, akiongeza, akitania. Sisi wa idara za lugha tumeandika sana kuhusu tafsiri za vitabu, na tumewasahau hawa wanaotafsiri kwa pumzi moja, bila kamusi, mbele ya hadhira inayoweza kuondoka na kudai fedha zake.

Kijana alianza na jina. Hakusema "Ijumaa", kwa sababu Ijumaa kwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili ina harufu ya udi na mwito wa adhana. Alisema "Furahidei", kama wanavyosema vijana wa Nairobi siku ya mwisho ya kazi. Sijaona tafsiri iliyo bora kuliko hiyo. Matusi, ambayo yamejaa katika sinema hii kama mchanga katika mchele wa bei rahisi, aliyageuza yakawa masuto ambayo nyanya yake angeweza kuyasikia. Ilipofika hali ya Smokey baada ya kuvuta, alikuwa na maneno ya kuchagua. Mlevi wa pombe kwetu amelewa. Wa bangi ana stimu. Wa miraa ana handasi (wanafunzi wangu hunitania kwamba handasi ndiyo mama wa uhandisi). Mpwa wangu alichagua handasi. Kwa mtaalamu wa dawa alikosea kabisa, lakini kwa neno hilo moja alimtoa Smokey Los Angeles akamleta mpaka Kangeta.

Mama alitazama kwa makini kama anayesikiliza mashtaka. Halafu akauliza swali ambalo halikunijia mwaka 1997 wala baadaye: "Hicho wanachovuta ni cha shamba la nani?" Msimulizi alikwama kidogo, kisha akajibu, "Ni cha Laare, nyanya." Mama akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Lakini hakuliacha swali lake.

Nami nimeshindwa kuliacha. Sinema za vichekesho vya bangi, tangu Up in Smoke ya Cheech na Chong ya mwaka 1978, huwa na mvutaji, mchuuzi na polisi. Mkulima hana nafasi. Jani huonekana mfukoni mwa mtu kana kwamba limeota humo. Huku kwetu jani la kuchangamsha lina shamba, lina baba, lina ada ya shule. Mibaine ya babu yangu, ile miti mikongwe, ndiyo iliyonisomesha. Bunda lake lilifungwa kwa jani la mgomba na kupakiwa kwenye Hilux zile ambazo dereva wake hana breki wala jamaa, kwa kuwa miraa haingoji. Baada ya siku mbili hivi nguvu zake zimekwisha. Katika mila za Kimeru bunda la miraa hupelekwa na posa. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, kilio kilisikika hadi katika ofisi za wahasibu wa shule. Mwaka 2016 sheria ya nchi hii iliitambua miraa kuwa zao la kilimo, wakati bangi imebaki marufuku chini ya sheria ya mwaka 1994. Nao muguka wa Mbeere, ndugu wa damu wa miraa, ambao hutafunwa majani badala ya maganda ya vitawi, ulipigwa marufuku na kaunti ya Mombasa Mei 2024 kwa sababu ya hali ya vijana wa huko. Siku chache baadaye amri hiyo ilikuwa mbele ya mahakama Embu. Wazazi wa Mombasa hawakuwa wanazua. Wakulima wa Mbeere nao hawakuwa wanazua.

Neno "mihadarati", tulilolipata kutoka Kiarabu, linayafunga haya yote katika kamba moja. Katika kanuni ya shule linafaa kwa sababu ni refu na linatisha. Lakini nikimuuliza mwalimu wangu kama alichokuwa akitafuna wakati wa simu kimo ndani ya "aina yoyote", atajibu kwamba hicho ni zao. Basi wavulana wale wanashtakiwa kwa kutazama picha ya kitu kimoja, na watu wanaotafuna kitu kingine, na kanuni haina msamiati wa kutofautisha.

Sikusudii kuitakasa sinema yenyewe. Marekani kwenyewe imewekewa alama inayomzuia asiyetimiza miaka 17 kuitazama bila mzazi, na wanafunzi hawakupaswa kuwa nayo. Wanawake wamo ndani yake ili watazamwe au waogopwe, ingawa akina mama wa nyumba zile wangeweza kubeba sinema nzima. Kuna sehemu za katikati zinazochosha. Bali kuna tukio moja ambalo ningependa kila mwalimu wa nidhamu alione. Craig amechukua bastola kwa ajili ya Deebo, na baba yake, mwindaji wa mbwa wa mitaani aliyeigizwa na marehemu John Witherspoon, mtu ambaye hadi hapo amekuwa wa kuchekwa tu, anamzungumzia mwanawe kwa upole juu ya uanaume usiohitaji risasi. Bastola inawekwa chini. Ugomvi unamalizwa kwa ngumi, na tofali moja. Mama alinyamaza kimya hapo, na msimulizi naye akanyamaza, jambo ambalo wasimulizi hawalifanyi.

Mwisho wake ndio ninaougombia. Smokey anachukua dola 200 kwa Deebo aliyezirai, deni linalipwa kwa jasho la Craig, anamwambia Big Worm kwa simu kwamba anaacha bangi, anakata simu, kisha anawasha nyingine na kututazama sisi. Watazamaji wa Los Angeles hucheka hapo. Mwaka 1997, kule Maua, yule dalali wa mbele alisema kwa sauti, "Na mtaji wa kesho?" na watu wakatoka nje bila kucheka sana. Waandishi wa sinema hii waliijua Ijumaa barabara. Jumamosi hawakuiandika.

Nilipompigia mwalimu nilimuuliza habari za wale wavulana. Wawili ni wa mjini. Wa tatu anatoka upande wa Kiritiri, kwao wana muguka, na ada yake hulipwa kila wiki kwa simu, kidogo kidogo, kadiri majani yanavyouzwa. "Akirudishwa nyumbani wiki mbili atafanya nini?" nikauliza. Mwalimu alikawia kujibu. Kisha akasema kile ambacho sote wawili tulikijua: atachuma. Atalipwa kila jioni, fedha taslimu, na wavulana wengi wa Igembe na Mbeere walioanza kulipwa kila jioni hawajarudi kuketi dawatini. Shule itakuwa imemwadhibu kwa kutazama jani kwa kumpeleka kulichuma.

Katika ukurasa wangu nimeandika kwamba diski ichukuliwe, maabara ifungwe vizuri zaidi, na wavulana wabaki shuleni wapewe kazi: watafsiri dakika kumi za mazungumzo ya baba na mwana, na yale ya deni, kwa Kiswahili ambacho mama zao wangeweza kukisikia, wayasome mbele ya kamati, kisha wajibu swali la mama yangu na lile la dalali wa Maua. Nimeongeza, kwa heshima zote, kwamba walimu nao wasikilize vinywa vikiwa vitupu.

Mwalimu amesoma, akacheka, akasema ataiwasilisha kama ilivyo isipokuwa sentensi ya mwisho. Kamati inakutana Ijumaa.