Kiongozi ni wa njia, si wa kiti

Majuzi nilikwenda hitimani mtaani kwetu, hapa Mombasa. Mikeka imetandikwa na watu wamekaa kitako wanasoma. Mara akaingia kijana mmoja mbio, akatwambia, "Jamani, pisheni, viongozi waja!" Aliyeketi mbele kabisa alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei, nahodha wa majahazi zamani zake. Akainuka polepole, mkono gotini, akaenda kuketi mlangoni penye viatu. Waheshimiwa watatu wakaingia, wakakaa, wakapigwa picha, na kabla ya dua kumalizika wakaondoka.

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, hao viongozi wameongoza nini hapa?" Nikanyamaza.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa maneno, na swali lile limenikosesha usingizi. Wazee wetu hawakuliweka neno kiongozi kwa ajili ya mwenye cheo. Cheo kilikuwa na majina yake: liwali, mudiri, mkubwa, mtawala. Kiongozi alikuwa mtu wa njia. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa na kiongozi wake, ambaye wengine walimwita kirangozi, aliyetangulia mbele kwa kuwa aijua njia na maji yaliko. Akikosea, kiu ilimpata yeye pamoja na wenziwe.

Tazama na ukoo wa neno lenyewe. Ongoza ni ndugu yao ongoa na ongoka, na huko ndiko litokako neno uongofu, ambalo kinyume chake ni upotofu. Katika rakaa 17 za faradhi kila siku twamuomba Mola atuongoze. Twaomba njia, hatuombi kiti.

Na imamu je? Husimama mbele yetu, lakini uso wake waelekea kibla kama nyuso zetu. Akisahau, maamuma humkumbusha kwa kusema "Subhanallah", naye hurejea pasi na kumfanya adui aliyemkumbusha. Udhu ukimtoka, hutoka akampisha mwengine.

Huenda mtu akanambia kwamba lugha hukua na maneno hubadilika maana. Naam, ni kweli. Lakini hata Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita ihusuyo uongozi na uadilifu, yasema kuwa madaraka ni amana, na aliyekabidhiwa ana jukumu la kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Sheria imeishika maana ya kale. Walioitupa ni sisi, na sisi waandishi wa magazeti tumetangulia mbele: kila apataye kura, kesho yake twamwandika "kiongozi", hata hatua moja hajapiga.

Rai yangu ni hii. Mbunge tumwite mbunge, gavana tumwite gavana. Hayo ni majina ya kazi na hayana matusi ndani yake. Jina la kiongozi tuliweke, tumpe mtu baada ya kumwona ametangulia na njia ikanyooka.

Juzi nilimwendea yule mzee barazani kwake nikampa jawabu: "Hawakuongoza kitu, mzee wangu."

Akacheka. "Ungenambia siku ile, mwanangu, nisingeinuka."