Petroli si sabuni: yanayoipata mikono ya mafundi wetu wa magari

Mwezi uliopita fundi mmoja wa magari hapa Mbeya alitupigia simu kipindi cha asubuhi, na mwanzoni tulidhani ana malalamiko ya mitandao ya simu. Laini yake ilikuwa imepotea. Alipokwenda kwa wakala kuirudisha, mashine ya alama za vidole ikamkataa. Kidole gumba, hapana. Kidole cha shahada, hapana. Akaambiwa akanawe mikono arudi. Akanawa kwa petroli, kama anavyofanya kila jioni kwa miaka kumi na minane, akarudi, mashine ikamkataa tena. Fedha za vipuri alizotumiwa na wateja zilikuwa ndani ya laini hiyo, na kwa siku nne hakuweza kuzigusa.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, malalamiko ya namna hii tumeyapokea zaidi kutoka kwa wajenzi wanaoshika saruji na wakulima wa jembe la mkono. Mafundi gereji tulikuwa hatujawafikiria. Kumbe ngozi ya mkono ikishakauka, kupasuka na kuvimba kila mara, ile michirizi inayosomwa na mashine hufifia, na kadiri mtu anavyozidi kuisugua kwa kitu kikali ndivyo anavyozidi kujiharibia.

Tukaamua kwenda kuangalia wenyewe. Gereji tuliyoikuta ni ya kawaida kabisa: mwembe mmoja, bati chache, magari saba, na vijana wengi kuliko spana. Pembeni kulikuwa na kopo la rangi lililokatwa, ndani yake petroli iliyokwisha kuwa nyeusi. Hapo ndipo kila mtu ananawa. Fundi mkuu alitusalimia kwa kutupa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama ilivyo ada ya mtu mwenye mikono michafu. Tulipomwomba atuonyeshe kiganja alisita kidogo, kisha akakifungua. Mipasuko ilikuwa imeingia mpaka kwenye maungio ya vidole, na baadhi ilikuwa na damu iliyokauka. Alisema Juni na Julai, baridi yetu ya Mbeya ikishuka, hawezi kufunga kifungo cha shati bila maumivu.

Kwa nini petroli? Tulijibiwa kwa kicheko: kwa sababu ipo. Ukifungua kabureta au ukishusha tangi, petroli inamwagika bure. Maji hapo yananunuliwa kwa ndoo, na sabuni ikiwekwa asubuhi mchana haipo. Halafu petroli inafanya kazi. Grisi iliyokataa kutoka kwa sabuni ya kipande mara tatu, petroli inaiyeyusha kwa sekunde chache. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuchagua kitu kinachofanya kazi, kinachopatikana bure na kilichotumiwa na mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake.

Tatizo ni kwamba petroli haijui kutofautisha mafuta ya injini na mafuta ya mwili. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji yasipotee na uchafu usiingie. Petroli inayayeyusha yote kwa pamoja. Mkono unabaki mweupe kama umepakwa majivu, kesho yake unapasuka, na uchafu wa siku inayofuata unaingia ndani zaidi kuliko wa jana. Fundi anaona mikono haitakati, anaongeza petroli.

Na sasa kuna jambo jipya kidogo ambalo hatujalisikia likisemwa gereji. Mwaka 2025 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, lilipandisha petroli ya magari hadi kundi la kwanza, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani zilizotajwa ni ya kibofu cha mkojo na aina moja kali ya saratani ya damu. Kabla ya hapo petroli ilikuwa kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa tu. Tuseme wazi hapa, maana habari kama hizi huvuma vibaya: kundi la kwanza linaonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani, halisemi kwamba anayegusa petroli leo ataugua kesho. Hatari inategemea kiasi na miaka. Lakini fundi anayenawa petroli kila jioni kwa miaka kumi na minane, akiwa ameinamia kopo na mvuke unampanda usoni, ndiye hasa mtu mwenye kiasi na miaka.

Ndani ya petroli kuna benzini, na hiyo imejulikana kwa muda mrefu kuwa inaharibu uboho, yaani mahali damu inapotengenezwa. Inaingia zaidi kwa kuvutwa puani, lakini hata ngozi inaipitisha, na ngozi iliyopasuka ni mlango wazi.

Oili chafu nayo ina habari yake. Oili mpya kutoka kwenye galoni haina shida kubwa. Kadiri inavyokaa ndani ya injini na kupikwa na moto, ndivyo inavyobeba masizi na kemikali zinazotokana na mafuta kuungua. Hizo ni jamaa moja na zile zilizomfanya daktari wa London, Percivall Pott, aandike mwaka 1775 kwamba wasafisha mabomba ya moshi walikuwa wakipata saratani ya mfuko wa korodani kutokana na masizi. Zaidi ya karne moja baadaye, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, walipata ugonjwa uleule. Mashine zao zilirusha mafuta, suruali zikalowa sehemu ya mbele siku nzima, miaka nenda rudi. Kanuni maalumu za kuwalinda zilitoka mwaka 1953, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Tunaitaja historia hii kwa sababu moja ya karibu sana. Kati ya vijana tuliowakuta chini ya ule mwembe, karibu wote walikuwa na tambara la oili limechomekwa mfuko wa suruali, mbele au nyuma. Tambara hilo linalowesha ovaroli, ovaroli inalala mwilini mpaka Jumamosi inapofuliwa. Mkono unaweza kunawa, paja halinawi. Kama kuna jambo moja la bure kabisa ambalo gereji inaweza kubadilisha kesho asubuhi, ni kulitundika lile tambara kwenye msumari.

Sasa mikono inawe na nini? Tulizungumza na mafundi wa rika tofauti na tukajaribu wenyewe, kwa gharama ya mashati yetu mawili. Kanuni ni nyepesi: mafuta yanayeyushwa na mafuta. Chukua kijiko cha mafuta ya kula, ya alizeti au yoyote, upake mikono ikiwa bado mikavu. Hili la ukavu ndilo wengi wanalokosea, maana maji yakitangulia mafuta hayashiki. Sugua kwa dakika moja au mbili, hasa kwenye kucha na maungio, mpaka ule weusi uanze kulegea na kuteleza. Futa kwa tambara. Kisha sabuni ya maji ya vyombo, nayo pia kabla ya maji, halafu suuza. Kwa uchafu uliokomaa ongeza kijiko cha sukari au pumba laini kwenye yale mafuta. Mchanga usiutumie, ingawa ndio uliozoeleka. Unakwaruza mikwaruzo midogo usiyoiona, na oili ya kesho inapita humo. Sabuni ya unga ya kufulia nayo ni kali mno kwa ngozi ya kila siku.

Gharama? Jirani wa gereji tuliyokwenda ni muuza chipsi, na mafuta yake yaliyokwisha kukaangia humwagwa mtaroni. Yakichujwa na kupoa yanafaa kabisa kwa kazi hii. Mikono inanukia viazi kwa nusu saa, lakini fundi mmoja alisema mke wake anaipenda harufu hiyo kuliko ya petroli.

Ukishakausha mikono, paka mafuta ya mgando usiku. Na asubuhi, kabla ya kushika spana, paka kidogo tena, kisha kwaruza kucha kwenye kipande cha sabuni ili sabuni ijae chini ya kucha. Uchafu utakosa pa kukaa. Fundi mzee aliyetufundisha hili alisema aliliona kwa mafundi wa reli ya TAZARA akiwa kijana. Hatuna njia ya kulithibitisha hilo, ila kucha zake tuliziona: safi kuliko zetu.

Kuhusu glavu, wengi walituambia walijaribu zikawashinda. Tulipoziangalia zilikuwa zile nyeupe za hospitali, za mpira wa kawaida. Hizo petroli na oili huzivimbisha na kuzichana haraka. Zinazostahimili ni za nitraili, ambazo mara nyingi ni za bluu au nyeusi, ila usinunue kwa rangi, soma boksi. Ikichanika ivue palepale, kwa sababu oili iliyonaswa ndani ya glavu inakaa na ngozi muda mrefu kuliko mkono mtupu. Na glavu za kitambaa zisivaliwe karibu na feni, mkanda unaozunguka au mashine ya kutoboa. Mashine ikidaka uzi, inachukua na kidole.

Kuna hatari nyingine ya mikono ambayo haionekani kabisa, na mafundi wa pampu za dizeli wanapaswa kuijua. Nozeli inarusha dizeli kwa mgandamizo mkubwa kiasi cha kupenya ngozi. Anayejaribu nozeli kwa kuiwekea kiganja anaweza kubaki na kitundu kidogo kama cha sindano, kisicho na damu wala maumivu makubwa. Ndani, dizeli imesambaa kwenye mishipa na kano. Hiyo si ya kupaka dawa na kuendelea na kazi. Ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo na kumwambia daktari wazi kwamba ni dizeli ya mgandamizo, kwa sababu kuchelewa kwa saa chache kumewapotezea watu vidole.

Tunarudi kwa yule fundi wa laini, maana swali lake la pili ndilo lililotushughulisha zaidi: mikono yangu ikiharibika kabisa, nani anajua? Kwa sheria, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mfuko unalipa fidia kwa ajali na kwa magonjwa yanayotokana na kazi, na mchango unatolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Lakini neno lenyewe ni mwajiri. Chini ya mwembe kuna fundi mkuu, kuna vijana wanaolipwa kwa gari, na kuna wanafunzi ambao baadhi yao ndio wanaolipa ili wafundishwe. Hakuna mkataba hata mmoja. Kijana wa miaka kumi na tisa tuliyemkuta na upele mpaka kwenye viwiko, kwa karatasi hayupo popote.

Mlango mmoja uliopo ni VETA, ambayo ina utaratibu wa kupima na kutoa vyeti kwa mafundi waliojifunzia kazini. Mafundi wengi wanautaka kwa sababu cheti kinafungua zabuni na ajira. Kwa maoni yetu, siku ya upimaji mtahiniwa angeulizwa pia ananawa wapi na kwa nini, na gereji ingeonyesha ndoo ya maji na sabuni kama inavyoonyesha jeki. Hilo lingefika mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Laini ya fundi wetu ilirudi siku ya tano. Wakala alimshauri aache petroli, apake mafuta ya mgando usiku mbili na arudi asubuhi kabla ya kazi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki spana sana, ndicho kilichosomeka.