Wabunge Wakijitoa, Je, Chama Kinaanguka? Tusome Ishara za Mwanza

Tarehe 2 Julai 2025, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuwa hatagombea tena ubunge wa Ruangwa, jimbo aliloliongoza tangu 2010. Ndugu msomaji, mkubwa anapojitoa namna hii, watu huuliza: je, chama chake kimeona dhoruba?

Swali hilo lina mantiki. Marekani, mwaka 2018, wabunge zaidi ya 30 wa Republican hawakugombea tena Baraza la Wawakilishi, na chama chao kikapoteza baraza hilo. Mbunge ndiye wa kwanza kusikia manung'uniko ya jimbo. Akiona mambo magumu huondoka kwa heshima kabla hajaondolewa, na kiti kilichoachwa wazi ni rahisi zaidi kwa mpinzani kukichukua.

Kwetu, hata hivyo, kipimo hicho kinapotosha. Tuutazame ufukwe wa Ziwa Victoria. Mwaka 2010, Nyamagana, Waziri wa Mambo ya Ndani Lawrence Masha alishindwa na Ezekia Wenje wa CHADEMA. Ilemela, Anthony Diallo, naye aliyewahi kuwa waziri, alishindwa na Highness Kiwia. Ukerewe na Musoma Mjini nazo zikaenda upinzani. Masha na Diallo hawakustaafu. Walipambana mpaka sanduku la kura likaamua.

Ishara zilikuwa kwingine. Mwaka 2005 Rais Kikwete alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura. Mwaka 2010 hakufika asilimia 63. Waliojitokeza kupiga kura waliporomoka kutoka asilimia 72 hadi takriban 43. Wengi walinyamaza kwa kubaki nyumbani, na mijini kama Mwanza waliotoka wakasema wazi.

Hata kushindwa si lazima kumstaafishe mwanasiasa wetu. Stephen Wasira alianguka Bunda Mjini mwaka 2015 mbele ya Ester Bulaya, aliyekuwa ametoka CCM mwaka huohuo. Januari 2025 Wasira huyohuyo akachaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara.

Kwa nini basi hawaondoki wenyewe? Katiba yetu haina ukomo wa vipindi vya ubunge. Mlango wa kutokea uko mikononi mwa chama: kura za maoni na vikao vya uteuzi. Wengi hawastaafu, wanastaafishwa. Na kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, aliyekatwa jina hunyamaza au huhama. Luhaga Mpina wa Kisesa, Simiyu, jina lake lilipokatwa mwaka 2025 alihamia ACT-Wazalendo. Joseph Mkundi wa Ukerewe alitoka CHADEMA kwenda CCM mwaka 2018, na mwaka 2020 akashinda kwa tiketi ya chama hicho kipya.

Kwa hiyo, anayetaka kujua afya ya chama ukanda huu asihesabu wastaafu. Atazame wanaohama wanaelekea wapi, wapiga kura wanajitokeza kwa wingi gani, na kama kuna mshindani wa kweli. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila CHADEMA, baada ya chama hicho kukataa kusaini kanuni za maadili mwezi Aprili. Pasipo mshindani huyo, mbunge anayejitoa hatuambii lolote kuhusu nia ya wananchi. Anatuambia tu hali ya ndani ya chama chake.

Hapo ndipo penye hasara. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Mvuvi wa Ukara, mchuuzi wa dagaa wa mwaloni wa Kirumba na machinga wa Makoroboi wanahitaji mbunge anayejua kuwa asipowasikiliza watamwondoa. Akiwa anaogopa vikao vya uteuzi tu, shida zao zitangoja.

Uongozi ni amana. Anayeurudisha kwa hiari anastahili sifa, wala tusimdhanie vibaya. Lakini amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenye kiti cha ubunge ni mwananchi. Tusiulize tu nani anaondoka. Tuulize pia nani anamchagua anayekuja. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.