FIDIA YA KUUMIA KAZINI: TUSILALE



Wako wenzetu wanaofika ofisini mwa chama na mkono uliopondwa kati ya mabehewa au mguu ulioangukiwa na reli. Tukiwauliza waliumia lini, hujibu, "Mwaka juzi." Hapo twasikitika sana, maana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yampa mtu miezi 12 tu tangu siku ya ajali kudai haki yake.

Wengi bado wadhani dawa ni kutafuta wakili na kumshitaki mwajiri. Sivyo. Shauri lapitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ilikata neno hilo mwaka 2019.

Basi ukiumia, mwambie nyapara siku ile ile, hata kwa mdomo, mbele ya shahidi. Afadhali uandike, nawe ubaki na nakala. Mwajiri akiisha kupata habari ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1, nayo ina sehemu ya daktari. Usingoje kuletewa habari. Ulizia kama fomu imepelekwa. Dai likifikishwa kwa mwajiri au kampuni ya bima, sharti lilipwe katika siku 90.

Hesabu yake ni hii. Kwa kilema cha kudumu, mshahara wa miezi 96 huzidishwa kwa asilimia ya kilema iliyokatwa. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 akipewa asilimia 25, haki yake ni shilingi 480,000. Sasa mwajiri akikupa shilingi 10,000 "za chai" na karatasi ya kutia kidole gumba, ujue kuna sababu ya ukarimu huo! Usitie kidole kabla chama hakijaisoma. Kibarua naye ni mfanyakazi, asidanganywe kwamba sheria haimhusu.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Jibu lake lisipokuridhisha, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Kazi.

Fidia hii ni mbali na misaada ya Serikali. Aliyebaki na kilema na ajiandikishe kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa hospitalini. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi ni za nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, hivyo wengi wetu hawatazipata, lakini kujiandikisha ni lazima kwanza.

Aliyeumia katika miezi 12 iliyopita na hajaona fomu, amwone katibu wa tawi hapa Eldoret juma hili. Alete kitambulisho, karatasi za hospitali, na hati ya mshahara ya mwezi alioumia.