Kodi ya Nyumba Isiutangulie Mshahara

NYUMBA ni hitaji la lazima kwa kila binadamu, kama vile chakula na mavazi. Lakini kwa mfanyakazi aliyepanga kwa mtu binafsi mjini, nyumba hulipiwa kabla ya kutumiwa, tena kwa mkupuo. Mwalimu hupata mshahara wake mwisho wa mwezi. Kodi ya chumba chake hudaiwa ya miezi sita, na mara nyingi ya mwaka mzima. Na juu yake dalali hudai ujira unaolingana na kodi ya mwezi mmoja. Hapo ndipo madeni ya watumishi wengi yanapoanzia.

Tatizo hili si geni nchini Tanzania. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, nalo likajenga nyumba za bei nafuu mahali palipokuwa na vibanda, Magomeni ikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Mwaka 1971 yalitaifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani isiyopungua shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba; mwaka 1990 yakakabidhiwa kwa Shirika. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, lakini ikafutwa mwaka 2005. Aidha, kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi. Aliyekuwamo alipata mali. Aliyeajiriwa baada yake aliachiwa soko.

Tofauti baina ya mpangaji wa nyumba ya umma na mpangaji wa mtu binafsi si bei peke yake. Wa kwanza ana mkataba, ana stakabadhi, na akitakiwa kuhama hupewa notisi kwa maandishi. Anaweza kungoja muda mrefu bomba litengenezwe, lakini haambiwi ahame kwa sababu kijana wa mwenye nyumba ameoa. Wa pili, akijaaliwa mwenye nyumba mwema, bati linalovuja huzibwa siku hiyo hiyo, na mtoto akiugua huongezewa muda wa kulipa. Hiyo ni hisani. Hisani si haki, na mwanafunzi hawezi kufundishwa vema na mwalimu ambaye kila Desemba huwaza atahamia wapi.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuwaita wenye nyumba wote wanyonyaji. Sehemu kubwa ya miji imejengwa na wananchi wenyewe, chumba baada ya chumba, na wengi wao ni wastaafu na wajane. Mtu asiye na mkopo wa benki hutumia kodi ya mwaka mmoja kumalizia paa au kuchimba choo. Kumlaani hakutamjengea mpangaji hata ukuta mmoja.

Wala wapangaji wa umma wasijione hawana lawama. Anayelimbikiza kodi huku akipokea mshahara kila mwezi anazuia nyumba nyingine isijengwe. Na yule anayeipangisha kwa siri nyumba aliyopewa kwa bei nafuu, akatoza bei ya soko, amegeuza mali ya umma kuwa duka lake.

Machi 2022 zilizinduliwa nyumba 644 za Magomeni Kota, kwa ajili ya kaya za wakazi wa zamani wa hapo. Walisubiri kwa takriban miaka kumi, na kusubiri huko hakupaswi kurudiwa popote. Lakini maghorofa hayo yamethibitisha kwamba eneo la katikati ya mji linaweza kujengwa upya bila kumsukumia pembeni mwenye kipato kidogo.

Yanayotakiwa sasa yanajulikana. Sheria iweke kikomo cha kodi inayodaiwa mapema, na mkataba wa maandishi uwe wa lazima. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yawe karibu na mpangaji kama yalivyo karibu na mwenye shamba. Mwenye nyumba ndogo apewe njia ya kukopa, ili asimfanye mpangaji kuwa benki yake. Na halmashauri inapopanga kujenga shule, ihesabu nyumba za walimu pamoja na madarasa.

Mshahara hulipwa kwa mwezi. Kodi nayo ilipwe kwa mwezi.