Elimu ya Bure na Wajibu Wetu



Tangu Septemba 2019, Serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kila tunapotaja mahitaji ya shule ya parokia katika jumuiya zetu hapa Kindu, swali moja hurudi: “Masomo ni bure sasa, tunaombwa mchango wa nini?” Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la haki.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 Serikali ilitwaa shule za makanisa. Kwa mapatano ya Februari 1977 ilizirudishia dini usimamizi wa shule hizo, nayo ikabaki na wajibu wa kulipa walimu. Ndiyo maana shule zetu ni za kikatoliki, na papo hapo ni shule za umma. Katika miaka ya 1990, mishahara ya Serikali ilipokuwa si kitu tena, wazazi waliubeba mzigo wa kumlipa mwalimu. Kwa fedha zao shule hazikufungwa. Lakini aliyekosa fedha hizo alifukuzwa. Wengi wetu tunazikumbuka asubuhi za kusomewa majina mbele ya darasa. Mimi nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa deni la mama yangu, muuza mihogo. Mpaka leo sijasahau jinsi alivyoinamisha macho aliponiona mlangoni.

Kwa hiyo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachoagiza elimu ya msingi iwe ya bure katika shule za umma, si adui wa Kanisa. Kinamlinda mtoto yule. Anayetaka kuturudisha kwenye malipo ya mlangoni, kwa jina lolote lile, anatenda kinyume cha sheria na kinyume cha Injili.

Hata hivyo, mtoto kutolipa si sawa na shule kukosa gharama. Watoto walipoongezeka madarasani, madawati hayakuongezeka yenyewe. Tena wako walimu wanaofundisha bila kuingizwa bado katika orodha ya mishahara ya Serikali. Mwalimu wa namna hiyo akiliacha darasa na kwenda kuendesha pikipiki ili watoto wake wale, tutamlaumu kwa uso gani?

Kwa maoni yangu, mzigo uliotolewa mabegani mwa mtoto tusiuache chini, tuuchukue sote. Mchango wa shule utolewe na jumuiya nzima, mwenye watoto na asiye nao, kila mtu kadiri ya uwezo wake, wala jina la mtoto lisiandikwe kando ya fedha. Hesabu yake isomwe hadharani baada ya Misa: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Waamini wetu si wachoyo. Wamechoka kutoa bila kujua fedha zimekwenda wapi.

Wengine watasema kwamba tukitoa, Serikali italala. Sioni hivyo. Aliyefyatua matofali ya darasa ana nguvu zaidi ya kuuliza mshahara wa mwalimu uko wapi. Tutoe, na tuendelee kudai.

Sisi vijana hatuna fedha nyingi, lakini tuna mikono. Tunaweza kubeba mchanga wa Lualaba, kufyatua matofali, kutengeneza dawati lililovunjika, kumkalisha jioni mtoto asiyejua kusoma na kumfundisha herufi. Mjane wa Injili hakungoja awe tajiri ndipo atoe.

Napendekeza kila kikundi kimtembelee mkuu wa shule ya parokia yake kabla ya mwezi huu kwisha, kimwulize neno moja tu: ni nini kinachokosekana? Kisha kichague kitu kimoja, hata kiwe kidogo, na kukifanya mpaka mwisho.